Nywele za Arlene

Yaliyompata Lamar, mdogo wangu wa tumbo moja, niliyaona kwa macho yangu haya, na sitaki kuambiwa niliota.

Siku ilianza kama siku nyingine. Nilikaanga mayai, tukanywa kahawa, tukashuka Mto Susquehanna kuvua besi, wale samaki wa rangi ya shaba wanaojificha nyuma ya miamba. Kwetu hatuwavui kwa minyoo. Tunafunga manyoya ya mkia wa kulungu kwenye ndoana mpaka yafanane na kisamaki, tunakirusha kwa fimbo ya kuvulia, kisha tunavuta mshipi kwa mkono: vuta, vuta, tulia. Besi hukamata pale unapotulia.

Fundi wa kufunga vyambo hivyo alikuwa Arlene, mke wa Lamar. Vya Lamar mwenyewe vilifanana na mswaki uliochakaa, tukamcheka miaka yote. Vya Arlene vilikuwa safi, na kichwani alimalizia kwa uzi mwekundu. Masika ya mwaka ule mtumbwi wao ulipinduka, mto ukamchukua Arlene, mwili haukupatikana. Tangu hapo Lamar alikuwa hali, halali, ndevu zake nyekundu zimeingia mvi ghafla. Nami sina ndugu mwingine duniani. Nilikuwa namwona anakwisha, na sikujua la kufanya.

Maji yalipotufika magotini ndipo nikakiona chambo chake. Hayakuwa manyoya ya kulungu. Zilikuwa nywele ndefu za kahawia, nikazijua.

"Umezitoa wapi hizo?"

"Kwenye kitana chake," alisema. "Nimechoka kumngoja, dada."

"Turudi nyumbani, Lamar. Nakuomba."

"Mara moja tu. Asipokuja, tunaondoka."

Nikamwonea huruma, nikamwacha arushe.

Chambo kilizama nyuma ya mwamba mkubwa. Akavuta, akavuta, akatulia. Mshipi ukakaza. Nilidhani ni besi, lakini besi huruka juu na kutikisa kichwa. Huyu hakutikisa chochote. Mshipi ulimtoka Lamar mkononi kidogo. Ukamtoka tena kidogo. Kisha ukatulia.

Vuta, vuta, tulia.

Kulikuwa na mtu upande wa pili.

Kila mshipi ulipovutwa, Lamar alipiga hatua. Ulipotulia, alisimama. Maji yakamfika kiunoni. Kifuani. Nilimkamata ukosi, nikavuta kwa nguvu zangu zote huku nalia, nikimsihi aachie fimbo. Akanigeukia. Alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza tangu masika.

"Ananivuta taratibu," alininong'oneza. "Hataki mshipi ukatike."

Ukosi ukaniponyoka.

Majirani walitafuta mto mzima. Lamar hakuonekana. Fimbo yake tuliikuta juu ya ule mwamba mkubwa, kavu, mshipi umekunjwa vizuri. Mwisho wa mshipi palikuwa na chambo ambacho hatukwenda nacho. Kilifungwa kwa nywele fupi, ngumu, nyekundu zenye mvi. Kimefungwa kwa ufundi, hakuna unywele uliopinda. Kichwani kina uzi mwekundu.

Nimekitundika juu ya jiko, kwenye ukuta ilipo fimbo yangu ya kuvulia, na mpaka leo hakijakauka. Sina ndugu mwingine duniani. Kila asubuhi, kabla ya kahawa, nakishusha na kukiangalia, na kila asubuhi nakirudisha karibu zaidi na fimbo.