Jiko Lililoingizwa Ndani

Kwetu siku ilianza kwa kikohozi cha shangazi. Alikohoa akiamka, akakohoa akinawa uso, kisha akauliza kama chai iko tayari au tunasubiri apone kwanza. Ndivyo alivyo, ulimi wake haujawahi kuugua. Alifanya kazi miaka ishirini kwenye mashine ya kusaga nafaka, na vumbi la unga likamharibia mapafu. Kutoka kitandani hadi mlangoni tu, alihema kama aliyebeba gunia.

Jumamosi ile baba, fundi baiskeli, aliondoka mapema. Mimi, binti yake wa miaka kumi na miwili, niliachiwa nyumba, shangazi na sufuria ya maharage. Wiki iliyotangulia maharage yangu yalikuwa magumu hata baba akauliza kama nimewapikia kokoto. Shangazi alicheka mpaka akatafuta dawa yake ya kuvuta. Mimi sikucheka. Niliapa kwamba safari hii watakula na kunyamaza.

Tatizo letu kubwa lilikuwa jirani wa nyuma, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Waya. Alikusanya nyaya kuukuu na kuzichoma uani kwake, plastiki iungue abaki na shaba. Moshi wake ulikuwa mweusi na ulikwaruza koo. Baba alishamsihi mara tatu. Kila mara aliitikia vizuri, na baada ya siku mbili alichoma tena.

Ndipo muuguzi wa zahanati akatuandikia karatasi, tukaibandika ukutani. Moshi ukija, fungeni madirisha na milango. Zibeni chini ya mlango kwa kitambaa kilicholowa. Mgonjwa akae chumba kilicho mbali na moshi, dawa yake iwe karibu. Msiwashe moto ndani. Moshi ukipita, fungueni kila kitu. Nilikuwa naijua yote kwa moyo.

Saa nne hivi, nikiwa uani napepea jiko la makaa, upepo uligeuka. Moshi ulipanda juu ya ukuta wa Bwana Waya, ukasita kidogo, kisha ukaanza kushuka kwetu. Nilikimbia ndani. Shangazi alishausikia, akawa anajikokota kwenda chumba cha mbele huku akimwombea jirani yetu mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilifunga madirisha yote na kulowesha taulo.

Halafu nikakumbuka maharage. Nikiyaacha nje, maji yatakauka yaungue. Nikikaa nayo, nitasongwa na moshi. Niliyatazama makaa. Yalikuwa mekundu, yameshika vizuri, hayatoi moshi hata kidogo. Karatasi ilisema tusiwashe moto ndani. Sasa mimi nilikuwa nimewasha nje, sivyo? Nilijiona mjanja kweli. Nikaliingiza jiko sebuleni, nikafunga mlango na kuubana kwa lile taulo.

Nje kulitanda giza kama mvua inakuja. Moshi ulijisukuma kwenye vioo, ukapita, ukarudi. Shangazi alikuwa akinitania kupitia mlango wa chumba chake ulioachwa wazi. Aliuliza kama kokoto zimeiva. Baada ya muda utani ulipungua, kisha ukakatika kabisa.

Mimi nilianza kuumwa kichwa. Nikasema, moshi wa Bwana Waya umetuingilia. Nikatafuta kila upenyo, nikasokota karatasi na kuziba mpaka tundu la ufunguo. Kadiri kichwa kilivyogonga, ndivyo nilivyozidi kuziba. Miguu ililegea, tumbo likachafuka, na makaa yaliendelea kuwaka kimya katikati ya sebule.

Nilipoingia chumbani, shangazi alikuwa ameegemea ukuta, macho nusu wazi. Nilimpa dawa yake ya kuvuta mara mbili, haikusaidia. Hakukohoa hata kidogo. Mtu ambaye nimemsikia akikohoa maisha yangu yote alikuwa amekaa kimya, na hapo roho iliniruka.

"Fungua mlango," alinong'ona.

"Shangazi, moshi uko nje."

"Fungua, mwanangu. Humu hamna hewa."

Nilijikokota hadi mlango wa mbele, nikaufungua na kuanguka kizingitini. Aliyeniona alikuwa Bwana Waya mwenyewe, akipita na ndoo ya maji. Aliitupa ndoo. Aliniburuta hadi barabarani, akaingia, akatoka na shangazi mgongoni, akakimbia naye zahanati iliyo mwisho wa mtaa. Mimi nilifuata nikiyumba.

Baba aliitwa, na majirani wakajaa. Wote walimgeukia Bwana Waya. Baba alimkamata ukosi, akamwambia amemuulia dada yake. Yule mtu alisimama tu na masizi yake mikononi, hakujitetea, kwa sababu aliamini ni kweli. Na mimi je? Naona aibu kusema, lakini nilifurahi kwamba mwenye kosa ameshapatikana.

Ila ndani muuguzi hakuwa na raha. Kifaa alichombana shangazi kidoleni kilionyesha ana oksijeni ya kutosha, lakini alikuwa anazidi kupoteza fahamu. Alitoka, akachuchumaa mbele yangu.

"Kulikuwa na moto ndani ya nyumba?"

Nilitikisa kichwa kwamba hapana. Baba alikuwa ananitazama, na watu wote pia. Muuguzi hakuondoka.

"Nisikilize. Mwenye mapafu kama yake huwa nampa oksijeni kidogo kidogo, nyingi inaweza kumdhuru. Lakini kama amevuta hewa ya makaa, kifaa changu kinadanganyika, na oksijeni kidogo haimsaidii, atakufa. Nahitaji kujua sasa hivi."

"Niliingiza jiko," nilisema. "Nilifunga kila mahali, nikaingiza jiko."

Muuguzi alishakimbia kabla sijamaliza. Nilisikia mtungi ukiburutwa na valvu ikifunguliwa. Kisha akaniletea na mimi barakoa ya oksijeni. Baba alimwachia Bwana Waya ukosi, akakaa chini sakafuni.

Gari la wagonjwa lilimpeleka shangazi hospitali. Alifumbua macho jioni. Kabla hatujaondoka zahanati, muuguzi alituita wote watatu, mimi, baba na Bwana Waya. Alisema moshi tunaouona tunaukimbia, lakini sumu ya makaa haionekani wala hainuki, na makaa mekundu yasiyotoa moshi ndiyo yanayodanganya watu. Jiko la makaa lisiingie ndani ya nyumba iliyofungwa, hata kwa dakika tano, hata kama maharage yataungua. Kwa Bwana Waya hakulainisha kitu. Alimwambia kama si moshi wake, nyumba ile isingefungwa. Tangu siku hiyo anachuna nyaya kwa kisu, na baba alimtengenezea kibanio cha kuzishikilia.

Shangazi alirudi Jumatano. Aliniita kitandani kwake.

"Ulijifanya mjanja ukaninyima hewa," alisema. "Kisha ukasema kweli mbele ya watu, ukanirudishia. Kukosea utakosea tena, wewe ni binadamu. Lakini ukiulizwa, usimsubirishe mgonjwa."

Nilimwinamia begani, nikalia.