Jirani Ambaye Hakuitwa Mkutanoni

Maharagwe yalikuwa yanachemka, na Gentil alipiga mluzi huku akipanga mawe ya ukuta. Séraphine, mke wake, alimwangalia akacheka. Vita ilikuwa imewafukuza kwao Masisi, lakini hapa Mugunga walikuwa wamepata kiwanja chao. Maskini Séraphine, alidhani wamefika nyumbani.

Jumamosi avenue nzima, yaani watu wote wa mtaa ule, ilikusanyika kwa mkutano, naye Séraphine akaenda. Alitamani sana kuhesabiwa kama mkaaji wa pale. Papa Janvier, shefu anayeongoza avenue, akamsimamisha mlangoni.

"Mama, hii ni mukutano ya wenye avenue. Watu wa luga yenu hatujawazoea. Tutawaita siku ingine."

"Papa, mimi pia nafagia hii njia. Niache nisikilize tu."

Mama Faida, jirani yake wa karibu kabisa, akatazama pembeni. Séraphine akarudi nyumbani, uso unamwaka kwa haya.

Na huko ndani walizungumza nini? Mazuku, wandugu! Ile hewa mbaya inayotoka chini ya mawe ya volkano, haina rangi, ukiivuta unaanguka. Ilikuwa imejaa tena kwenye shimo nyuma ya nyumba za mwisho. Wakapatana kila mtu amwonye jirani yake asishuke kule asubuhi. Nyumba zote zikaonywa, isipokuwa moja.

Kesho yake, jua halijatoka, Gentil alishuka shimoni kuokota mawe. Alipokawia, Séraphine akamfuata, akamwona amelala kifudifudi. Akataka kumkimbilia, lakini Faida, aliyemwona akipita, akamkamata kwa nyuma.

"Usishuke, mama! Iko mazuku!"

"Mulijua?"

Faida akaanza kulia. "Tulisema ku mukutano."

Baada ya maziko, Papa Janvier akaja, kofia mkononi, akamwambia kuanzia sasa ataitwa kila Jumamosi.

"Papa, ile nilitaka kusikia imeshapita," Séraphine akajibu.

Mwezi haukuisha, akahama, na hakuna anayejua alikoenda. Na mpaka leo, wandugu, wageni bado wanasimamishwa mlangoni.

FUNDISHO

Ukimfukuza jirani mkutanoni kwa sababu ya kabila au lugha yake, umemnyima hata habari ya kumponya. Anayekaa kwenu ana haki ya kuitwa, kusikia na kuamua pamoja nanyi. Tuitane mapema, maana pole zetu zote hazikumfufua Gentil.