Bwana Harusi Yuko Mtihanini

"Fadlalla, kalenda hiyo ya ukutani unauza?"

"Kalenda haiuzwi. Mwenye duka ndiye yuko hapa bure, kama kuna anayemtaka."

"Mwenye duka sikumuuliza," alisema Zeinabu. "Nishushie kalenda."

Nikaishusha. Hata wewe ungeishusha. Siku hizo nilikuwa na duka la vitambaa na sukari hapa Makina, Kibra, nyumba mbili za kupangisha, afya njema na meno yote. Zeinabu binti Sajini Abdelrahim naye alikuwa ameposwa na mtu mwingine. Mtu huyo, Fadul Rehan, alikuwa Makerere, kule Kampala, akisomea shahada. Kibra nzima hatukuwa na mwenye shahada hata mmoja. Tulikuwa na medali za vita tu, nazo nyingi.

Ilikuwa kalenda ya Mhindi, yenye tarehe za Kiislamu chini kwa maandishi madogo. Zeinabu akahesabu kwa kidole, midomo ikitembea. Akarudia. Kisha akakaa juu ya gunia langu la sukari bila kukaribishwa.

"Tumekwisha," alisema.

"Nani na nani?"

"Leo asubuhi nimemsikia Baba akialika wageni. Harusi ni Ijumaa inayofuata Maulidi. Siku ya posa alimwambia Fadul, 'Miaka mitatu kamili kutoka leo.' Fadul akapanga masomo yake kwa miaka mitatu ya Kizungu. Kumbe Baba anahesabu miaka ya mwezi. Kila mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kumi na moja, sasa mara tatu..."

"Thelathini na tatu," nilisema kabla hajamaliza, na sauti ikanitoka na furaha ambayo sikuikusudia.

"Ijumaa hiyo Fadul yuko kwenye chumba cha mtihani. Mtihani wa mwisho kabisa."

Akanipa barua ya Fadul nisome. Nilitarajia mapenzi, nikakuta ratiba. Jumatatu historia. Jumanne na Jumatano Kiingereza. Jumamosi, saa kumi mpaka saa kumi na moja jioni: kumkumbuka Zeinabu. Saa kumi na moja na dakika tano: kufua.

"Saa nzima," nilisema. "Amejitahidi."

"Usimcheke. Akikosa karatasi moja anarudia mwaka, na serikali inamlipia miaka mitatu tu, basi. Amepanga somo lipi mwaka upi, kitabu kipi mwezi gani, mpaka siku ya kununua wino. Kitu kimoja tu hakuuliza, Baba anatumia mwaka upi."

Ilikuwa imebaki miezi miwili. Zeinabu akaondoka kwenda kwa baba yake, nami nikafunga duka kwa sababu ya kichwa kilichoanza kuniuma papo hapo, nikamfuata.

Sajini Abdelrahim alikuwa barazani akipiga buti zake rangi. Jeshini alikuwa ametoka zamani, ila buti hazikujua.

"Baba, isogeze harusi mwezi mmoja," alisema Zeinabu.

"Burma tuliambiwa tuvuke mto Jumanne. Tulivuka Jumanne."

"Baba, huu si mto."

"Wageni wa Bombo wameshaalikwa. Wa Kibigori wameshaalikwa. Fahali wawili wa mzee Gachanja, kule Kawangware, nimeshawachagua, na mmoja nikimwita anakuja mwenyewe. Neno langu limetoka mbele ya wazee." Akanigeukia. "Ijumaa hiyo, baada ya Alasiri, bwana harusi asipotokea, binti yangu ataolewa na mtu anayejua kufika."

Nikasimama wima kama niko gwarideni. Zeinabu alinitazama kwa jicho ambalo silisahau.

Alimwandikia Fadul siku hiyo hiyo. Jibu lilikuja kwa telegramu, kupitia dukani kwangu maana ndiko barua zilikofikia:

NAKUJA HARUSINI MTIHANI BAADAYE FADUL

Zeinabu aliisoma mara moja tu. Akaomba kalamu, akaandika yake, akanipa niipeleke posta mjini kwa kuwa nilikuwa nakwenda kununua vitambaa.

UKIJA SIOLEWI KAA USOME ZEINABU

Karani wa posta aliisoma, akanitazama, akaisoma tena.

"Huyu anayeandikiwa ni nani?"

"Ni bwana harusi."

"Na harusi ni yake?"

"Ni yake."

Akapiga muhuri huku akitikisa kichwa. Mimi nilirudi Kibra kwa baiskeli nikiimba. Mwanamke amemkataza mchumba kuja, baba anataka mtu wa kufika, na nyumba yangu iko hatua mia mbili kutoka kwao.

"Sasa utaolewaje bila mwanamume?" nilimuuliza.

"Usiwe na haraka, Fadlalla. Nimeshazungumza na Sitti."

Sitti ni bibi yake, mama mzazi wa Sajini, na ndiye mtu pekee ambaye Sajini alisimama wima mbele yake. Kesho yake alitoka chumbani, akaketi barazani mbele ya mwanawe. Mimi nilikuwa nimepita kusalimia, kama nilivyokuwa nikipita kila siku.

"Abdelrahim, Fadul ataoa kwa wakili. Ataandika barua mbele ya mashahidi, na mtu mwingine atashika mkono wako badala yake. Ni halali."

"Mama, hiyo ni ndoa ya wavivu."

"Mimi niliolewa hivyo. Baba yako alikuwa Tanga, vitani na Mjerumani. Aliyeshika mkono wa baba yangu ni binamu wa baba yako, na mume mwenyewe nilimwona baada ya miezi minane. Kama ndoa ile si ndoa, niambie basi, Sajini mzima, wewe ni mtoto wa nani?"

Sajini aliinama akafuta buti ambazo hazikuwa na vumbi.

"Baba alikuwa vitani," alisema. "Huyu yuko mtihanini."

"Anaruhusiwa kutoka?"

"Haruhusiwi."

"Anaweza kushindwa?"

"Anaweza."

"Basi yuko vitani. Nipe chai."

Sajini hakukubali kushindwa mbele ya mtu wa nje. Akakohoa.

"Sawa. Lakini wakili namchagua mimi. Awe Fadlalla."

Nilielewa alichokuwa anakitafuta, na Zeinabu alielewa pia. Jioni alikuja dukani.

"Unaweza kuniharibia," alisema.

"Naweza."

"Utaniharibia?"

"Sijui, Zeinabu."

"Angalau umesema kweli. Fadul nimeshamjulisha. Jina lako ataliandika mwenyewe kwa mkono wake."

Barua ilifika kabla ya Maulidi, na jina langu limeandikwa kwa mwandiko mzuri kuliko ratiba zake zote. Ijumaa ikafika. Fahali wote wawili wakaingia kwenye sufuria, wageni wa Bombo wakajaa uani, na baada ya Alasiri nikaketi mkekani goti kwa goti na Sajini Abdelrahim. Kabla sheikh hajaanza, Sajini aliniinamia sikioni.

"Ukisema uwakili umekushinda, pilau itapoa kidogo tu. Mimi sitalalamika."

Akanishika mkono. "Kwa uwakili wako, Fadlalla, namwoza Fadul Rehan binti yangu Zeinabu."

Zamu ikawa yangu. Nilimpenda Zeinabu, nasema leo bila haya, nina wajukuu. Alikuwa nyuma ya pazia, na nikasikia bangili zake zimetulia. Ningesema tu siwezi, na kabla ya Magharibi angekuwa wangu. Nikamfikiria Fadul, saa ile ile, ameinamia karatasi kule Kampala. Mjinga gani huacha ndoa yake mdomoni mwa mtu anayemtaka mke wake? Mjinga anayeniamini. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

"Koo limekauka?" Sitti aliuliza kutoka ndani.

"Nimeikubali ndoa ya Zeinabu binti Abdelrahim," nilisema, "kwa ajili ya Fadul Rehan." Nilisema kwa sauti ya kufika Riruta, nisije nikaambiwa nirudie.

Vigelegele vikapasua paa. Sajini hakuniachia mkono upesi.

"Ungefaa jeshini," alisema, na macho yake yalikuwa na huzuni kidogo kwa ajili yangu. Pilau nilikula sahani tatu.

Kesho yake, Jumamosi, saa tano asubuhi, telegramu ikafika dukani.

MTIHANI UMEKWISHA JE NIMEOA FADUL

Zeinabu alikuwa bado amewekwa ndani na hina mikononi, kwa hiyo jibu lilikuwa langu. Jumamosi posta ilikuwa ikifungwa saa saba, na nilikuwa na baiskeli. Ningefika, nikarudi, nikaenda tena. Nikaiweka telegramu chini ya mzani, nikauza sukari, nikanywa chai polepole mpaka saa saba ikapita. Zeinabu alipotuma mtu kuuliza kama nimejibu, nikasema posta imefungwa, na sikudanganya.

Jumatatu asubuhi nilimjibu, UMEOA HONGERA. Shahada aliipata kwa wakati, mke alimpata kwa wakati, akaja kuwafundisha watoto wangu wote, tena vizuri. Lakini siku mbili nzima yule bwana aliyepanga kila kitu alikaa Kampala bila kujua kama ana mke au hana, na siku mbili hizo mimi sijazitubia mpaka leo.