Alipokuwa Mzima

“Shina hilo liegemee kulia kidogo. Hapo hapo. Sasa kandamiza udongo.”

Mama Pacha akakandamiza. Mkono ulikuwa ndani ya tangi la samaki mpaka kwenye kiwiko, jasho linamdondoka puani. Pembeni, kwenye kiti cha magurudumu, mumewe alikuwa anahangaika na mdomo uliopinda, akilitafuta neno linalofuata. Kabla kiharusi hakijamwangusha alikuwa ofisa wa misitu, na mtaa mzima ulimwita Bwana Misitu. Sasa msitu wake ulikuwa huu wa sebuleni: tangi la kioo ambalo bado halijatiwa maji, mizizi mikavu mitatu iliyosimamishwa kama miti, na kibano cha kupandia miche. Mtaalamu wa mazoezi ndiye aliyeshauri. Mkono uliolegea ujifunze upya kushika vitu vidogo.

“Njia ya mchanga ianze pana huku mbele, ifinyike kule nyuma. Mtu akitazama adhani inakwenda mbali.”

“Haya, mkubwa. Na hii kuvumwani, majani haya laini kama zulia?”

“Ifunge matawini kwa uzi. Usirundike. Msitu hauvai kofia.”

Mama Pacha akacheka. Siku nyingi hawajacheka pamoja. Akili ya mumewe siku hizi ilikuwa inakuja na kukatika kama umeme wa mgao, na leo aliona imekuja. Akamwekea kibano mkononi na mche mdogo wa kangaga. Vidole vilitetemeka, vikaufikia udongo, vikauacha mche umesimama.

“Umeona? Umepanda mwenyewe!”

Bwana Misitu alimtazama kwa macho yaliyolainika. Akamshika kifundo cha mkono.

“Shemeji,” alinong'ona, “dada yako amekwenda kazini?”

Tabasamu likamgandia usoni. Mama Pacha alikuwa na mdogo mmoja tu duniani, Kitinda, huyo huyo aliyekuwa anawaletea mimea ya tangi.

“Amekwenda,” alijibu. Mwenyewe hakujua kwa nini amejibu hivyo.

“Asijue, nakuomba. Akijua ataanguka.”

“Asijue nini?”

“Mambo yetu.” Akatabasamu kwa upande mmoja. “Unaikumbuka ile nyumba ya wageni yenye mapazia ya kijani? Yeye yuko hospitali anamuuguza mama yenu, sisi tuko kule tunakula raha. Kuna wakati naona aibu.”

Mama Pacha aliikumbuka sauti ya Kitinda kwenye simu siku zile: “Dada, bosi amekataa kunipa ruhusa.” Aliikumbuka na ya mumewe: “Niko porini, mtandao unasumbua.” Mama yao alikata roho, yeye akamfumba macho peke yake.

“Ilikuwa mara moja?” aliuliza taratibu.

“Mara moja!” Bwana Misitu alicheka mpaka mate yakamtoka. “Wewe nawe! Miaka yote ile?”

Mama Pacha akamfuta mate. Kisha akajifuta mikono, akachukua simu. Ujumbe wa Kitinda ulikuwa umeshaingia tangu asubuhi.

“Dada, nimepata ile mimea midogo ya kutandika mbele. Nilete?”

Akaandika: “Lete. Njoo na nguo za kulalia.”

Kitinda aliingia ananukia manukato, mfuko wa mimea mkononi.

“Shikamoo, dada. Shemeji, unaendeleaje?”

Bwana Misitu alimkazia macho, akamgeukia mkewe.

“Huyu ni nesi mpya?”

“Mwambie wewe ni nani,” alisema Mama Pacha.

“Dada, una nini leo?”

“Mwambie. Labda ukimtajia mapazia ya kijani atakumbuka.”

Kitinda aliketi bila kukaribishwa. Rangi ilimtoka.

“Amesema?”

“Kumbe kuna la kusema.”

“Dada...”

“Mama alikuulizia mpaka pumzi ya mwisho. ‘Kitinda amefika?’ Nikawa namwambia yuko njiani. Nilikuwa namdanganya mama yangu kwa ajili yako.”

“Nisamehe, dada. Shetani alitupitia. Na tuliacha, wallahi tuliacha.”

“Hamkuacha. Aliugua.”

Kitinda alilia. Mama Pacha hakulia. Aliingia chumbani, akatoka na begi.

“Dawa ya asubuhi ni ile nyeupe, ya jioni ina mstari. Uji upoe kwanza, upande wa kushoto akiungua hasikii. Usiku mgeuze, la sivyo mgongo utatoka vidonda.”

“Unakwenda wapi?”

“Kwa mwanangu.”

“Dada, mimi siwezi! Sijawahi hata kumwogesha mtu!”

“Alipokuwa mzima ulimuweza.”

Akafunga mlango.

Kwa binti yake hakueleza kitu. Alilala kitandani kama aliyepigwa, simu ikilia ubavuni.

“Dada, hataki kula.”

“Dada, amejichafua. Nifanyeje?”

“Dada, ananiita mwizi. Analilia maji kwenye tangi.”

“Mama, si ujibu?” binti alisema. “Baba yuko na nani?”

“Na mama yako mdogo. Wanafahamiana.”

Asubuhi moja ukaingia ujumbe wa mwisho: “Nimeshindwa. Usinitafute.” Kabla hajaumaliza kuusoma, jirani yao fundi viatu akapiga.

“Mama Pacha, mlango wenu uko wazi. Mzee yuko peke yake, analia.”

Begi alilisahau kwa binti yake.

Harufu ilimpokea mlangoni. Kitinda alikuwa amemwaga ndoo nzima ya maji tangini kwa mpigo mmoja. Udongo ulikuwa umetibuka, njia ya mchanga haipo, makangaga yanaelea juu ya maji yaliyogeuka tope. Bwana Misitu alikuwa ameegemea kioo, shati limelowa, mkono mmoja ndani, anajaribu kuurudisha mche mmoja chini. Kila akiuachia, unaibuka.

Akageuka.

“Mke wangu.”

Macho yalikuwa na akili tena, yale ya zamani. Umeme ulikuwa umerudi.

“Nilisema, siyo?”

“Ulisema.”

“Yote?”

“Yaliyonitosha.”

Chozi lilimshuka kwenye jicho moja.

“Utaniacha?”

Mama Pacha alileta beseni la maji ya uvuguvugu na shati safi. Akapiga magoti, akaanza kumfungua vifungo.

“Nijibu, mama watoto. Hata kama ni ndiyo.”

“Sijui. Mama yangu nilimzika peke yangu, na wewe sikusamehe leo. Kesho usiniulize. Leo nakubadilisha nguo, basi. Inua mkono.”

Aliuinua ule mbovu. Ukapanda taratibu, ukafika nusu, ukakwama hewani.

Nusu iliyobaki Mama Pacha akaimalizia yeye.