Aliyevaa Nyeusi Kwenye Theluji

"Yumo ndani."

Sauti ya Bessho, mwenzake aliyebaki garini nje, ilikwaruza kwenye kifaa kidogo kilichofichwa sikioni mwa askari kanzu Chigusa Hayami.

"Yuko wapi?"

"Sijui. Kamera ya mlango wa nyuma imekufa. Mlinzi kadungwa sindano, anapumua kwa shida."

"Tusimamishe onyesho?"

"Watu wote hao wakikimbilia milango atapotelea humo humo. Kaa macho, dada."

Kaa macho! Rahisi kusema ukiwa ndani ya gari.

Jukwaani alikuwa Mzee Senzaburo, amevaa kimono, joho la Kijapani, ya bibi harusi, uso umepakwa nyeupe. Maisha yake yote ameigiza wanawake. Mwezi uliopita alifungua sanduku la mavazi la kikundi chake, akakuta limewekewa kitako cha uongo, na chini yake mifuko ya unga wa kulevya. Kesho angesimama mahakamani kuwataja wenye mzigo. Bila yeye, hakuna kesi; ndiyo maana walikuwa wametuma mtu wa kumuua.

Chigusa alikuwa amemsihi abaki nyumbani. Wapi!

"Binti, watoto wa shule wanakuja kufundishwa kabuki, mchezo wetu wa jukwaani wa kale," mzee alimjibu. "Niwaambie nimejificha chini ya kitanda?"

Watoto hao walikuwa wamejaa mbele kabisa, kwenye mito ya sakafuni, wakitafuna biskuti za mchele. Mtangazaji akawaambia, "Mkimwona msaidizi wa jukwaani aliyejifunika nguo nyeusi hadi usoni, analeta kigoda, huyo hayupo. Tunamwona?"

"Hatumwoniiii!"

Ngoma kubwa ikaanza kupigwa polepole kwa fimbo iliyofungwa kitambaa. Du. Du. Du. Ndiyo sauti ya theluji jukwaani. Karatasi nyeupe zikamwagika kutoka darini.

Akiwa kitini, Chigusa alipekua nyuso za watazamaji. Mwanamume mwenye miwani. Mama anayesinzia. Hakuna kitu. Bastola yake, SIG ndogo, ilikuwa kwapani, lakini atampiga nani katikati ya watoto? Aliogopa. Aliogopa vibaya.

Msaidizi akapita nyuma ya Mzee Senzaburo na kigoda mkononi. Macho ya Chigusa yakamruka. Tangu utotoni, bibi yake alimfundisha kutomtazama msaidizi wa jukwaani.

Karatasi zikamtua msaidizi mabegani.

Zikaonekana.

Mungu wangu!

Kwenye theluji, wasaidizi huvaa nyeupe. Wengine wawili walikuwa weupe tangu juu hadi chini. Huyu alikuwa mweusi tii, na alibakiza hatua chache tu amfikie mzee.

"Bessho, jukwaani! Mwenye nyeusi!"

Chigusa akarukia njia ya maua, ule ujia wa mbao unaokatiza ukumbi hadi jukwaani, akatimua mbio. Pembeni mwa jukwaa, mpiga vibao vya mbao aliona mtu anakimbia. Kazi yake ni kupigia mbio za waigizaji, na mikono ikafanya ilichozoea.

Ta-ta-ta-ta-ta!

Mwenye nyeusi akashtuka, akageuka. Sindano ikameremeta chini ya kigoda.

Chigusa akamvaa mzima mzima. Wakaanguka. Sindano ikapita karibu na jicho lake, akaona tone likining'inia nchani. Akaunyonga mkono ule hadi ukalia ko! Wasaidizi wawili wenye nyeupe wakamkalia jamaa mgongoni, wakamburuta nyuma ya pazia.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Mzee Senzaburo hakutikisika. Alimalizia machozi yake taratibu, mkono wa kimono mdomoni, hadi pazia likafungwa.

Hapo ndipo alipoporomoka. Chigusa akamdaka.

"Mzee! Amekuchoma?"

"Hapana. Miguu tu imekataa."

"Hukujua yuko nyuma yako?"

"Nilimwona akitoka mlangoni, binti. Nyeusi kwenye theluji, nani asingeona?"

"Sasa mbona hukukimbia?" Chigusa alifoka. "Nusura ufe!"

Mzee akafuta jasho lililochanganyika na rangi.

"Ningekimbilia wapi? Mbele yangu walikuwa watoto."

Chigusa akamkalisha vizuri, akamwinamia kwa heshima hadi paji la uso likagusa mbao. Kisha akainuka, akafunga kifungo cha koti juu ya SIG, akatoka kwa mlango wa nyuma bila haraka, akaenda kumwangalia yule mlinzi aliyedungwa.