Kaburi Lililoitika

Kila asubuhi Furaha alichota maji ziwani, akasugua sufuria, kisha akafagia uwanja wote isipokuwa pembe moja. Pale palikuwa na kaburi lenye msalaba wa mbao, na msalabani palichongwa, "Émilienne, pumzika." Émilienne alikuwa dada yake, na alikuwa hai.

Vita vilipokaribia mji wao wa Baraka mwaka 1996, kila mtu alificha mali yake kwa akili yake. Déogratias, baba yao, alikuwa na mabati mapya, ambayo wenyeji huyaita manjanja. Aliyanunua moja moja kwa pesa za samaki, ingawa nyumba yao ilikuwa ya majani. Yalikuwa ya kulipia masomo ya Émilienne, aliyebakiza mwaka mmoja tu katika chuo cha wauguzi huko Uvira. Baba aliyazika, akarundika udongo, akasimamisha msalaba. Kaburi lisilo na jina lingetiliwa shaka, kwa hiyo akachonga jina la mwenye mali.

Siku ya kukimbia, mama na Émilienne walikuwa wameshatangulia njia ya Lubondja, kule milimani. Jirani yao, Mama Florentine, alisogea uani akauliza ni nani aliyezikwa bila kilio. Furaha akajibu, "Ni Émilienne. Homa ilimukamata." Akalia ili aaminiwe, na machozi yalimjia upesi. Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi, lakini uongo ule ulipanda milima na Furaha na ukarudi naye.

Mwaka uliofuata yeye na baba walirudi kwanza, kutazama kama mji umetulia. Mama na Émilienne wangefuata karibuni. Siku zilipita bila habari yao, na kutoka chuoni kulikuwa kumekuja neno: asiyelipa kabla ya mwisho wa mwezi atapoteza nafasi yake.

Mama Florentine hakuwa amekimbia, kwa sababu mama yake mzee hakuweza kutembea. Kila jioni aliingia uwanjani, akamwagilia maua aliyoyapanda juu ya kaburi, akampa Émilienne habari kwa sauti ya chini: nani amerudi, nyumba ya nani imeungua. Halafu aliushindilia udongo kwa mguu, na chini kukasikika dum, kama mtu anayegonga mlango kutoka ndani.

"Anaitika," alimwambia Furaha, bila woga wowote. "Kila siku nikimuita, anaitika."

Furaha alijua ni mabati. Hata hivyo aliogopa. Bibi yake aliwahi kusema kwamba aliye hai akiitwa sana kaburini, siku moja huitikia na kufa. Jina lilipotajwa, Furaha alitazama njia ya Lubondja, na njia ilikuwa tupu.

Jioni moja aliona kwamba mkono wa Mama Florentine umepinda. Akamwuliza umepatwa na nini. Mama Florentine akaeleza kwamba, wao wakiwa milimani, askari walikanyaga kaburi, wakasikia ile dum, wakaleta majembe.

"Nililala juu yake," alisema. "Nikabaambia, muniue kwanza. Huyu mutoto nilimupokea mimi siku alizaliwa. Bakanivunja mukono na bunduki, kisha bakaenda."

Furaha alimpelekea baba maneno hayo. Baba aliinamisha kichwa, lakini akasema wanyamaze mpaka Émilienne arudi na ada ilipwe, kwani bunduki bado zilikuwa mjini. Mama Florentine akimwona Émilienne atafurahi, na yatakwisha.

Kesho yake jioni, Mama Florentine alipoinama kuita, Furaha aliushika ule mkono uliopinda. "Mama, usimuite tena. Émilienne iko muzima. Humu ni manjanja ya masomo yake. Nilikudanganya."

Mama Florentine aliuvuta mkono wake. Akamwaga maji yaliyobaki, akaenda kwake na kufunga mlango. Jioni zilizofuata hakuja, na ukimya wa uwanja ukamtisha Furaha kuliko ile sauti. Baba alikasirika, akangoja askari, akidhani siri imetoka. Hakuna aliyekuja.

Jumapili, watu wakitoka kanisani, Émilienne na mama walitokea barabarani, miguu imevimba, kwa kuwa mvua zilikuwa zimekata njia na walizunguka mbali. Waliomwona Émilienne walimpisha wakirudi nyuma, na mmoja akafanya ishara ya msalaba. Furaha alimpeleka kwa Mama Florentine kabla hajanywa hata maji. Baba akafuata, kofia mkononi.

Mama Florentine alimpapasa uso, masikio, vidole, kimoja kimoja. Ndipo akalia. Baba alipiga magoti, akasema kosa ni lake, akamwomba apokee nusu ya mabati.

"Manjanja yalipe masomo," alijibu. "Mungeniambia kweli, ningelala juu yake vilevile, na siri ningeitunza. Si mumeona? Mukono ningewapa. Lakini machozi muliniibia. Furaha, ukitaka kuficha mali, ficha. Usifiche kweli kwa mutu mwenye anakupenda."

Mabati yalifukuliwa, yakauzwa kabla mwezi haujaisha, na Émilienne akaenda Uvira kumaliza masomo. Furaha sasa alifagia uwanja mzima. Jioni moja Mama Florentine alipita, na kwa mazoea akakanyaga pale pembeni akaita, "Émilienne!" Wote wawili walisikiliza. Ardhi ilinyamaza.

"Vizuri," alisema Mama Florentine. "Huku asiitike. Aitike kule darasani."