Ufunguo Uliomkataa Mwenyewe

Mzee Chilongani alibonyeza kidole gumba juu ya ufunguo-mapigo, lakini gari lake, lililoegeshwa hatua tatu tu mbele yake, likakaa kimya. Katika Dodoma ya mwaka 2094 magari yote yalifunguliwa hivyo. Kifaa kisichozidi kiberiti kwa ukubwa husoma mapigo ya moyo kupitia kidole, huyalinganisha na ya mwenyewe, kisha huuamuru mlango. Mwizi aliweza kuiba kifaa, lakini moyo wa mtu angeuibaje?

"Miezi minne sasa kinanisumbua, mwanangu," alimwambia Mbonea, fundi wa funguo. "Leo kinanikubali, kesho kinanigomea. Kimechoka?"

Mbonea alikifungua kwa bisibisi nyembamba. Akabadilisha betri, akapangusa kioo cha kusomea kwa pamba na spiriti, akarudishia kifuniko. Mzee akajaribu tena. Wapi!

"Ngoja nikilegeze kidogo, babu."

Hiyo ndiyo iliyokuwa dawa yake siku zote: kupunguza ukali wa ufunguo ili ukubali hata mapigo yasiyolingana sana. Wateja walikuwa wakiondoka na furaha zao. Lakini safari hii, sijui kilichomtuma ni nini, alitazama kwanza kumbukumbu za kifaa. Mstari wa mapigo ulikuwa ukisita, ukiruka, ukikimbia. Kifaa kilikuwa kizima kabisa.

"Babu, huwa unaishiwa pumzi?"

"Nikipanda ngazi. Si uzee tu?"

"Moyo wako unakwenda mrama. Ufunguo umeliona hilo miezi minne yote."

"Na usiniambie?"

"Haukuundwa kusema, babu. Uliundwa kufunga mlango."

Mbonea akafunga karakana, akampeleka hospitali mwenyewe. Mzee alilazwa siku hiyohiyo. Daktari alisema wangechelewa wiki moja tu, yangekuwa mengine.

Kesho yake asubuhi Mbonea akaanza kuwapigia simu wateja aliowalegezea funguo mwaka ule. Walikuwa kumi na mmoja. Wa kwanza alicheka, akaahidi kwenda kupimwa. Wa pili vilevile. Simu ya wa tatu, Bwana Mlewa, ilipokewa na binti yake.

"Baba tulimzika Februari," alisema taratibu. "Moyo ulisimama akiwa kwenye usukani. Nani mwenzangu?"

"Mbonea. Fundi wa funguo."

"Aa, dada Mbonea! Baba alikusifu sana. Alisema tangu uutengeneze ule ufunguo, haukumsumbua tena."